Uso Usijue Kilichotokea Kooni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu, wazazi wenzangu, wanafunzi wa zamani na wa sasa, na wewe Mwalimu, ambaye shughuli hii ya kuagwa ni yako ingawa umekaa kama mtu aliyekuja kusindikiza wenzake:

Leo asubuhi daktari wa masikio, pua na koo amesema kwamba mpwa wangu ataongea tena, lakini kuhusu kuimba hawezi kuahidi chochote. Amesema hivyo akiwa amesimama kwenye korido ya hospitali, faili kwapani, mbele yangu na mbele ya mpwa wangu mwenyewe. Nikamuuliza, "Daktari, huwezi kuahidi, au unajua ila unatuonea huruma?" Akajibu, "Mzee, ningejua ningesema. Uzi mmoja wa sauti una kovu. Wapo wenye kovu kama hilo walioimba tena. Wengi hawakuimba."

Natanguliza habari hiyo kwa sababu ndiyo mpya kuliko zote. Mimi ni ripota, na ripota huanza na jipya hata kama waliomzunguka wamevaa nguo za sherehe. Mwenye habari ameniruhusu kuisema. Ameketi mstari wa tatu, karibu na dirisha, amevaa gauni la kijani. Tangu tamasha la chuo hajatoa sauti, hata ya kunong'ona, maana daktari anasema kunong'ona nako kunachosha koo. Mnamfahamu kwa jina mlilompa hapahapa chuoni: Zumari.

Kwenye ratiba yenu imeandikwa "Neno la shukrani kutoka kwa wazazi." Mshereheshaji wetu, kijana mchangamfu, alinivuta kando pale mlangoni. "Mjomba," akaniambia, "dakika chache tu, na tafadhali usituharibie shughuli." Nikamwambia, "Shughuli ilishaharibika, mwanangu. Mimi nimekuja kusoma taarifa tu." Akacheka, akanipigapiga begani. Alidhani natania.

Tuanze basi na shukrani, maana zipo, na ni za kweli.

Darasa la Mwalimu mnalijua. Liko juu ya duka la fundi vioo, ngazi za chuma, kinanda chenye kitufe kimoja kisicholia, meza ndefu imepangwa glasi za maji. Mzazi aliyeleta mtoto kwa mara ya kwanza alipanda zile ngazi akitarajia kusikia nyimbo. Akasikia mapovu. Wanafunzi wamejipanga kando ya meza, kila mmoja na mrija mdomoni, ncha ya mrija ndani ya maji, wanavuma noti moja ndefu, na maji yanachemka bila moto. Mwalimu anapita nyuma yao, hasikilizi, anatazama glasi. Mapovu yakitoka sawasawa, pumzi inatembea na koo limetulia. Mapovu yakirukaruka, anakugusa bega: "Wewe, koo lako linasukuma mkokoteni. Shusha mzigo."

Dada yangu, mama yake Zumari, alisimama mlangoni siku hiyo ya kwanza akauliza, "Mwalimu, samahani, hapa ni kuimba au kunywa soda?" Mwalimu akamjibu, "Mama, anayejenga ghorofa haanzi na mapazia." Dada yangu alirudi nyumbani akiwa amekasirika. Juma lililofuata alikuwa anavuma kwa mrija jikoni, akijificha.

Yupo hapa mnadi wa nguo za mitumba. Yule pale, anapunga mkono. Alifika kwa Mwalimu akiwa na sauti iliyokauka, ambayo hata mkewe akipigiwa simu alikuwa anauliza, "Nani mwenzangu?" Akasema, "Mwalimu, mimi siimbi. Mimi nauza suruali." Mwalimu akamwambia, "Basi tutaimba suruali." Na waliimba suruali, masika nzima, kwa sauti ya chini, kwa sauti ya juu, kwa kushuka na kwa kupanda, mpaka fundi vioo akapanda ngazi kubisha hodi: "Mwalimu, ile ya juu ipunguzeni kidogo, nina kioo cha saluni juu ya meza!" Leo mnadi huyu anaita wateja kutwa nzima, na anaporudi nyumbani bado ana sauti ya kugombana. Mkewe ameniambia hajui amshukuru Mwalimu au amshitaki.

Kanuni ya kwanza ya darasa lile ilikuwa mkono. Ukisikia maumivu kooni, unanyoosha mkono. Wimbo unakatika palepale, hata katikati ya neno, na hairuhusiwi mtu kuuliza nani kaharibu. Wazazi wengi tulicheka. Tulisema watoto watalemaa, watanyoosha mkono kila wakichoka. Hawakulemaa. Nimehudhuria mazoezi yale mara nyingi kuliko wazazi wengi waliomo humu, na nilichokiona ni watoto wanaojua mwili wao unavyosema. Kuna wanasiasa ninaowafuata kila siku na kipaza sauti ambao wangefaidika na somo hilo. Mheshimiwa, sisemi wewe.

Hayo ndiyo ya koo. Lakini Mwalimu alifundisha mambo mawili, na la pili ndilo lililotuleta hapa.

Zumari alipoanza darasa alikuwa binti aliyeshindwa kutamka "Nipo." Si mzaha. Shuleni kwake mwalimu aliita majina, akamwita yeye, akasubiri, akaandika kwamba hayupo, na mtoto ameketi dawati la mbele. Mwalimu wetu alimsikiliza akivuma kwa mrija, akamwambia dada yangu, "Sauti ipo. Mwenye sauti ndiye hayupo. Tumtafute."

Alimtafuta kwa njia yake, na njia hiyo ilikuwa Ijumaa ya Kuzomea. Kila Ijumaa mwanafunzi mmoja husimama mbele kuimba, na wengine wote kazi yao ni kumvuruga. Wanaangusha vijiko. Wanapiga miayo. Mmoja anajilaza sakafuni na kukoroma. Na maneno:

"Hiyo sauti, au bawaba inaomba mafuta?"

"Jamani, nani kamkanyaga paka?"

"Dada, tuachie namba, tutakupigia!"

Na yule anayeimba anatakiwa aendelee kana kwamba yuko peke yake duniani. Mwalimu anakaa pembeni anarudia neno moja: "Uso usijue kilichotokea kooni." Ndivyo alivyowafundisha. Ukikosea, tabasamu. Sauti ikiteleza, fungua mikono. Hadhira haijui wimbo ulitakiwa uendeje, inachojua ni uso wako.

Ijumaa yake ya kwanza, Zumari alikimbia. Alishuka ngazi akajificha dukani kwa fundi vioo, akajikuta amezungukwa na Zumari wengine kumi ndani ya vioo, wote wanalia. Fundi akampa kiti, akaendelea kukata kioo. Lakini Ijumaa nyingine alirudi, na nyingine, na ikafika siku mzomeaji mmoja alipopaza sauti, "Bibi, umeme umekatika!" naye, bila kuacha wimbo, akamnyooshea kidole na kuyaimba maneno yaleyale, "umeme umekatika," ndani ya ubeti, kwa noti zilezile za wimbo. Darasa likaanguka kwa kicheko. Dada yangu alikuwepo. Alishuka chini akalia barabarani kwa furaha, na hakujali nani anamwona.

Mwalimu, mtoto asiyeweza kusema "Nipo" ulimfikisha hapo. Sitaki mtu yeyote hapa asahau hilo, licha ya yote nitakayosema sasa.

Jumatatu hadi Alhamisi, mtoto alifundishwa kwamba maumivu yakija, yaonyeshe. Ijumaa akafundishwa kwamba likikupata lolote, usionyeshe. Masomo yote mawili ni mazuri. Yote mawili mwimbaji anayahitaji. Ni nani kati yetu aliyewahi kujiuliza mtoto atafanya nini siku masomo hayo mawili yatakapokutana kwenye koo moja? Hakuna. Mwalimu naye ameniambia hakujiuliza.

Yakakutana kwenye tamasha la chuo.

Mazoezi ya tamasha yalihamishiwa ukumbi huu. Kamati iliongeza vipindi vya jioni juu ya vile vya mchana. Glasi na mirija vikabaki juu ya duka la vioo, kwa sababu, nanukuu mjumbe wa kamati, "jukwaani havipendezi." Zumari alikuwa na mafua. Mwalimu alimuuliza, "Koo likoje?" Akajibu, "Zima, Mwalimu." "Nitazame usoni." Akamtazama, na tabasamu lile la Ijumaa. Mwalimu, ambaye angeona ukweli kwenye glasi moja ya maji, hakuwa na glasi. Alikuwa na uso tu, na uso ule aliufundisha mwenyewe.

Nimemuuliza mpwa wangu kwa nini hakunyoosha mkono. Siku hizi anajibu kwa kuandika kwenye simu. Aliandika kwamba wiki ile kila noti ya juu ilikuwa kama kumeza mwiba wa samaki. Nikamwambia, mjomba wako anauliza kuhusu mkono. Kisha akaandika: "Kila nikitaka kuunyoosha, naona kama ni Ijumaa."

Jioni ya tamasha, wengi wenu mlikuwepo. Mnakumbuka ubeti wa tatu, pale wimbo ulipopanda, kisha ukumbi ukawa kimya? Mnakumbuka alivyofumba macho, akafungua mikono, akatabasamu, akaurudia mstari kwa sauti ya chini? Tulisema ni ufundi. Tulisema ukimya ule umetusisimua mwili. Mheshimiwa, ulisimama wa kwanza, na sisi tukafuata. Ndugu zangu, tulichopigia makofi ni mshipa mdogo uliopasuka.

Kisha tukafanya jambo la pili. Tukaita, "Rudia! Rudia!" Mshereheshaji akauliza, "Mnataka tena?" Tukajibu, "Ndiyo!" Na mtoto aliyefundishwa kwamba hadhira haitakiwi kujua, akarudia. Wimbo wote, tangu mwanzo.

Daktari ameeleza hivi, na nayasema maneno yake bila kuyapamba: mara ya kwanza damu ilivilia, na kama angenyamaza siku ile, huenda koo lingepona lenyewe. Kovu limetokana na mara ya pili.

Mwalimu alikuwa wapi? Nyuma ya pazia. Nilimuuliza kama nilivyozoea kuuliza watu. "Ulisikia sauti ikikatika?" Akasema, "Nilisikia ukimya. Nilidhani kaubuni mwenyewe. Nilikuwa napiga makofi, Mjomba."

Siku ya tatu walikutana hospitali, Mwalimu na dada yangu. Nilikuwepo. Mwalimu alitaka kumshika mkono. Dada yangu akaurudisha nyuma, akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniogopesha, "Mwalimu, nilikuletea mtoto asiyeweza kusema. Umenirudishia mtoto asiyeweza kusema." Mlioulizana kwa nini mama yake Zumari hayupo leo, mmepata jibu. Kadi ya mwaliko aliipata. Nilimkuta akipiga pasi gauni la mwanawe, hili la kijani, na alipomaliza alinipa mimi nimpelekee. Mlangoni hakutoka.

Sasa kuhusu neno lililochapishwa kwenye ratiba, "kustaafu kwa mujibu wa umri." Mwalimu hajafika umri huo. Ameomba mwenyewe kuondoka, na Mkuu wa Chuo amemkubalia kabla chai haijapoa. Nimemuuliza Mwalimu kama atafundisha mahali pengine, hata nyumbani, hata mtoto mmoja. Amesema hapana. Amesema kila akisikia mtu anaimba vizuri sasa, hajui anachosikia.

Naomba mlitafakari jambo hilo, maana kwangu ndilo zito kuliko yote. Mtu aliyetumia maisha yake kusikiliza, amepoteza imani na masikio yake. Tutampa nini badala yake? Cheti?

Na chuo kimejifunza nini? Wiki iliyopita Mkuu wa Chuo alitutangazia wazazi kwamba darasa la Mwalimu litafungwa, na badala yake kutakuwa na kozi fupi iitwayo Ujasiri wa Jukwaani. Ijumaa tupu, juma zima. Nilinyoosha mkono nikauliza kama kutakuwa na mtu wa kutazama pumzi na makoo ya watoto. Akasema, "Hilo litaangaliwa." Mkuu wangu, nimeripoti "hilo litaangaliwa" kuhusu madaraja, kuhusu visima, kuhusu paa za shule. Sijawahi kurudi nikakuta limeangaliwa. Nasema haya bila matumaini kwamba yatabadilisha kitu. Nasema ili mtu asije akadai hapakuwa na aliyesema.

Nimepewa pia kazi ya kukabidhi zawadi. Ni ile pale, imeegemezwa ukutani, imefungwa kwa karatasi ya dhahabu. Kamati ilinionyesha jana kabla ya kuifunga, kwa nia njema kabisa. Ni picha kubwa iliyotengenezewa fremu na fundi vioo. Walipitia picha zote za tamasha wakachagua iliyo nzuri kuliko zote, na kweli ni nzuri: binti amefumba macho, mikono imefunguka, anatabasamu. Mpiga picha aliibahatisha sekunde ileile. Ubeti wa tatu.

Mjumbe mmoja aliniambia, "Mjomba, ona, utadhani anatuambia asanteni."

Sitaikabidhi. Wanakamati, mnisamehe, hamkujua, na mimi mwenyewe nilikaa na jambo hili usiku kucha kabla ya kuamua kulisema hapa. Naomba asiifungue mtu leo. Naomba Mwalimu asipelekewe nyumbani. Fundi vioo, tafadhali, ukitoka ondoka nayo. Fremu itakufaa.

Mwalimu, nimebakiwa na ujumbe wako mmoja. Tukiwa njiani kuja hapa, Zumari alinigusa mkono akanionyesha simu. Aliandika: "Mwambie Mwalimu sijamkasirikia." Nimekuambia, kama nilivyotumwa. Kazi ya tarishi ni kufikisha. Lakini wewe unanijua, mimi sipeleki habari bila kuihakiki, kwa hiyo nilimgeukia nikamtazama usoni nione kama ni kweli.

Alikuwa anatabasamu.

Sijui, Mwalimu. Ndivyo ninavyoweza kukuambia kwa ukweli. Mama yake hajui. Daktari anamuuliza kama anaumwa, anatikisa kichwa kukataa, na daktari anaandika, na mimi nasimama pale nikitazama uso ambao hakuna hata mmoja wetu awezaye kuusoma tena. Huenda hakukasirika. Huenda usiku analia mpaka godoro linalowa. Ulimfundisha vizuri mno.

Nimalizie na mambo ya utaratibu, kwa niaba ya familia. Ukumbi huu una mlango mmoja wa kutokea, na Zumari atapita mbele yenu. Mmemlea kwa adabu, na adabu hiyo sasa ni hatari. Mkubwa akimsogelea, koo lake litataka kusema "Shikamoo" kabla hajakumbuka. Jana alikutana na jirani yetu mzee ngazini, midomo ikaanza kufunguka, nikalazimika kumziba kwa kiganja changu, na yule mzee akasikitika: "Siku hizi hata watoto wa watu wema hawaamkii." Basi msimdai shikamoo. Msimuulize anaendeleaje. Msimwambie pole, maana atajaribu kuwajibu "Nimeshapoa." Mpisheni tu apite. Na akiwatabasamia, wazazi wenzangu, msiliamini tabasamu lile, na msilipigie makofi.

Mwalimu, kwa mapovu, kwa suruali, kwa siku ile dada yangu alipolia barabarani kwa furaha, familia yetu inakushukuru. Anayeweza kusema hivyo leo ni mimi peke yangu, lakini nimesema familia, na sitalifuta.

Mheshimiwa, mabibi na mabwana, nashukuru mmenivumilia hadi mwisho wa taarifa. Daktari ataingiza kamera kooni tena Jumatatu, saa mbili asubuhi. Kabla ya hapo hakuna mwenye jipya.